Umelipia antibiogramu, karatasi imeandikwa «hakuna kilichoota»

Kila juma kuna anayerudi mapokezi ya labo yetu na karatasi ya antibiogramu, kile kipimo kinachoonyesha ni dawa gani inamweza bakteria wako, imekunjwa mkononi: «Mulikula makuta yangu bure! Mukojo ingali inaniunguza, na nyinyi munaandika ati hakuna kitu.» Swali letu huwa moja: Mama, kabla ya kuleta chupa ulimeza nini? Na jibu karibu kila mara ni lile lile. Vidonge viwili vya amoksisilini jana usiku, au sipro moja alfajiri, «ya kutuliza tu».

Vidonge hivyo ndivyo vilivyokula pesa yako. Amoksisilini hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, tena haraka: zaidi ya nusu ya ulichomeza huwa kimepita kibofuni ndani ya saa sita hadi nane. Chupa uliyoleta basi ina bakteria na dawa pamoja. Tukiupanda mkojo huo kwenye sahani, yaani kwenye jeli yenye chakula cha bakteria, bakteria waliokwisha kulegezwa hawaoti. Mwilini bado wapo, wanangoja dawa iishe. Sisi hatuwezi kusoma kisichoota, na sahani imekwisha kutumika.

Ikiwa ulikwisha kumeza, sema. Hatugombezi mtu. Tunaandika kwenye boni, karatasi ya kuomba kipimo, jina la dawa na saa uliyoinywa, daktari aamue kama tupande hivyo hivyo au tusubiri siku kadhaa baada ya dozi kwisha. Usikatize dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya labo. Na mwenye homa kali, baridi ya kutetemeka na maumivu ya mgongo asije kwetu kwanza, aende hospitali. Huko damu ya kupandwa itachukuliwa kabla ya sindano ya kwanza.

Sasa chupa yenyewe. Tunatoa ya plastiki, iliyofungwa, safi kabisa, bila malipo. Bado watu wanaleta kopo la konfityuri, chupa ya sirupu ya mtoto, chupa ya maji iliyokatwa shingo, «lakini niliichemsha». Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Chai itaiva, ila mbegu ngumu za bakteria hazifi. Tumia chupa yetu.

Mkojo uwe umekaa kibofuni angalau saa tatu au nne, ndiyo maana tunapenda wa asubuhi. Nawa mikono, osha sehemu za siri kwa maji na sabuni, suuza, kausha. Wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati bila kugusa mdomo wa chupa, wa mwisho uuache. Nusu ya chupa inatosha. Ufike labo ndani ya saa mbili, la sivyo uwe kwenye frigo tangu dakika ya kwanza, na hata humo usipite saa 24. Bakteria kama E. coli akipata joto na chakula anajigawa kuwa wawili kila dakika 20. Chupa iliyozungushwa na teksi kutoka Bagira hadi mchana, juani, inatuonyesha shamba la njiani, si ugonjwa wako. Tukiona aina tatu au zaidi zimeota pamoja, tunaomba chupa nyingine. Wengi wanakasirika hapo, lakini kuandika antibiogramu ya uchafu wa ngozi kungekuwa ndio wizi wenyewe.

Halafu bei. Tunaambiwa kuna mahali antibiogramu inatoka siku ile ile kwa nusu ya bei yetu. Kwa disiki, vile vikaratasi vya duara vyenye dawa, jambo hilo haliwezekani. Siku ya kwanza tunapanda mkojo kwa kijiko cha mikrolita 1 au 10, sahani inalala kwenye etuvu, lile sanduku la joto, nyuzi 35 hadi 37. Siku ya pili tunahesabu: bakteria 100,000 kwa mililita moja ndiyo alama tuliyoizoea, ingawa kwa mwenye dalili hata chini yake tunaangalia. Tunamtambua bakteria, kisha tunamkoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu ulingane na ule wa mrija wa kulinganishia, 0.5 McFarland. Ukiwa mwepesi mno, dawa inaonekana kali kuliko ilivyo. Tunampaka kwenye jeli ya Mueller-Hinton yenye unene wa milimita 4. Ikizidi unene, duara lisiloota kitu kuzunguka disiki linakuwa dogo na dawa nzuri inaitwa mbaya. Ikiwa nyembamba, kinyume chake. Disiki si zaidi ya sita kwa sahani ya milimita 90, hivyo dawa kumi na mbili ni sahani mbili. Unalala usiku wa pili. Siku ya tatu tunapima maduara kwa rula, milimita kwa milimita.

Weka juu ya gharama hiyo jenereta wakati umeme unakatika, maana etuvu haijui delestaji. Weka otoklavu, sufuria ya mvuke ya kuua vijidudu: kwa urefu wa mji wetu mshale wa presha ukisoma bar 1 kama pwani, ndani hamjafika nyuzi 121, lazima tuipandishe hadi karibu 1.2. Weka frigo ya disiki, hasa ile ya amoksisilini na klavulanati, ambayo unyevu kidogo tu unaiharibu. Disiki iliyochoka itaandika «R», yaani bakteria ni sugu, kwa dawa ambayo ingekuponya, nawe utanunua sindano za bei kubwa bila sababu. Kila juma tunapanda pia E. coli wa kipimo, ambaye maduara yake yanajulikana, ili tujikamate sisi wenyewe.

Kwa hiyo wengine wanachagua Widal, kipimo cha damu cha tifoidi. Ni rahisi, inatoka haraka, na mtaani kila homa imekuwa «tifoidi» kwa sababu yake. Widal inaangalia alama za kinga kwenye damu. Aliyeugua zamani anaweza kuwa nazo, na magonjwa mengine yanaweza kuziamsha. Haikupi bakteria mkononi, wala haisemi neno juu ya dawa. Mtu anatoka na karatasi ya Widal, ananunua sipro ya siku tatu, mwezi ujao anarudi.

Njia nyingine ya mkato ni kuazima karatasi ya shemeji, au ya kwako ya mwaka jana. Humo pameandikwa bakteria wake, wa wakati ule. Bakteria wanabadilika tumboni, na kila kidonge kinachangia: kinaua walio dhaifu hata wasio na kosa, wenye usugu wanabaki na uwanja. Wabaya zaidi ni tunaowaandika BLSE, wenye kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini. Tunawajua kwenye sahani kwa duara la dawa ya sefotaksimu linalovutwa kuelekea disiki ya klavulanati, umbo la kizibo cha shampeni. Jeni ya kimeng'enya hicho mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho E. coli anaweza kumpa bakteria mwingine jirani yake, kama Klebsiella. Mtu mzima asiyeumwa chochote anaweza kuibeba miezi kadhaa, akapanda boti kwenda Goma nayo tumboni, ikaingia kwenye maji na mikono ya wengine. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, walieleza tawi la bakteria Salmonella Typhimurium, ST313 II.1, lililozuka humu Kongo: usugu wa dawa za zamani, BLSE, na azitromisini juu yake. Salmonella huyo huingia kwenye damu.

Jambo moja ambalo halituingizii pesa: ikiwa huna dalili yoyote na si mjamzito, usituletee mkojo «kuangalia tu». Bakteria wanaweza kuota, na mara nyingi hawahitaji dawa.

Chupa zinatolewa mapokezi kuanzia saa moja asubuhi. Ya Jumatatu, jibu ni Jumatano baada ya saa nane mchana. Ijumaa tunapokea hadi saa nne tu, kwa sababu lazima mtu aje kusoma sahani Jumapili.