Barua ya Malalamiko: Uyoga Uliooza Kabla ya Tarehe Yake

Mmiliki wa mgahawa,
Morogoro.

Kwa Meneja Mauzo,
Kampuni ya Usambazaji wa Mboga na Uyoga,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UYOGA MBICHI ULIOFIKA UMEOZA NA JIBU NILILOPEWA NA OFISI YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita nilipokea kwenu kilo tano za uyoga wa mamama (oyster), pakiti za nusu kilo. Kwa mujibu wa lebo, ulikuwa na siku nne kabla ya kuharibika. Pakiti zilikuwa zimevimba. Mpishi wangu alipochana ya kwanza, harufu kali ya amonia ilijaa jiko zima. Kofia zilikuwa na ute mzito kama wa bamia, kingo zimekuwa kahawia, na ukiugusa unakatikia mkononi. Chini kulituama maji machafu. Zote kumi zilikuwa hivyo hivyo.

Nilipiga simu papo hapo. Mhudumu wenu akaniambia utando mweupe ni kawaida ya mamama, tarehe haijapita, basi niuoshe vizuri nikaange.

Kuhusu utando simpingi. Zile ni nyuzi za uyoga wenyewe zinazoendelea kukua, na uyoga wa namna hiyo huwa napika bila wasiwasi. Hata ulionyauka kidogo pembeni nausamehe, nakata kingo na kazi inaendelea. Ila mimi sikulalamikia utando wala kunyauka, nililalamikia ute na harufu. Hapo bakteria wameshaushambulia, na kuosha hakuufanyi mbichi tena. Kukaanga nako si dawa, maana ziko sumu za bakteria ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Mnataka niwape wateja wangu hicho?

Sasa hiyo tarehe. Uyoga mbichi karibu asilimia 90 ni maji, na ukishavunwa unaendelea kupumua. Ninyi mmeufungia kwenye nailoni isiyo na tundu hata moja, mkaupakia kwenye buti la basi la mchana, joto la Chalinze mnalijua. Utaachaje kutoa jasho na kuoza? Siku mlizoandika zinafaa kwa uyoga uliokaa kwenye ubaridi wa nyuzi 1 hadi 4 tangu shambani. Halafu pakiti isiyoingiza hewa ina hatari nyingine kubwa zaidi: bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu kali inayopoozesha mwili, hustawi pasipo oksijeni, ndiyo maana wafungashaji makini hutoboa matundu. Hili halihitaji mtaalamu, linahitaji sindano.

Siku hiyo nilikuwa na oda ya wageni wasiokula nyama. Nikakimbilia sokoni kununua biringanya, na mteja aliyelipia uyoga akanikata bei.

Naomba nirudishiwe fedha zote za mzigo pamoja na nauli ya basi. Nimeambatanisha risiti na picha, na pakiti mbili nimezihifadhi kwenye friza, tumeni mtu azione. Naomba pia lebo zenu zionyeshe tarehe ya kuvuna, na mzigo wa mikoani usafirishwe kwenye maboksi ya barafu.

Nisipopata jibu hadi Ijumaa ya wiki ijayo, nitalifikisha suala hili Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula.

Nijibuni kwa maandishi tafadhali, si kwa simu.

Wenu,
Mteja, Morogoro.