Kwa Nini Hatuuzi Mikanda ya Nyonga Bila Picha ya Ultrasaundi

Wazazi hufika kwenye karakana yetu wakiwa na kichanga mkononi na ombi moja tu, wauziwe mikanda ya nyonga, ile inayoshikilia mapaja ya mtoto yakiwa yamekunjwa na kutanuliwa ili nyonga ikae mahali pake. Pengine mkunga amewaambia kwamba nyonga ya mtoto ni legevu, au mtoto alitanguliza matako, au mama mwenyewe aliwahi kutibiwa nyonga utotoni. Tunaielewa hofu yao, lakini huwaomba wapitie kwanza kwa daktari bingwa wa mifupa.

Nyonga ya mtoto mchanga bado ni gegedu, yaani tishu laini isiyokuwa mfupa bado, kwa sehemu kubwa, na kikombe chake hujichonga kwa kufuata kichwa cha mfupa wa paja kinachokaa humo. Kuna mtoto ambaye kikombe chake hakijapata kina cha kutosha ilhali kichwa kimetulia mahali pake, na kuna yule ambaye kichwa huteleza kikatoka. Tatizo lina jina moja, ila huyu wa pili hafai kungojewa. Wa kwanza mara nyingi hukomaa mwenyewe: daktari Mwingereza Thomas Barlow aliandika mwaka 1962 kwamba hata miongoni mwa nyonga legevu alizozikuta kwa watoto waliotoka kuzaliwa, zaidi ya nusu zilikaza zenyewe katika wiki ya kwanza.

Ultrasaundi hupima mwinamo wa paa la kikombe. Kwa kipimo cha daktari Reinhard Graf wa Austria, nyuzi 60 na kuendelea ni nyonga iliyokomaa. Ikiwa kati ya 50 na 59 kwa mtoto asiyefikisha miezi mitatu, na kichwa kimetulia, kwa kawaida daktari hufuatilia na kurudia picha. Chini ya hapo, au kichwa kikiwa kimehama, ndipo mikanda hufungwa. Mpakani madaktari wenyewe hutofautiana, wala si aibu kuuliza maoni ya pili.

Kufuatilia maana yake ni kuwa na tarehe ya picha inayofuata na kuitimiza. Mtoto akishapita miezi sita, mikanda mara nyingi haifui dafu, na huenda akahitaji kurudishiwa nyonga akiwa amelazwa usingizi kisha kufungwa plasta ngumu.

Hatuuzi kwa tahadhari tu, kwa sababu mikanda nayo ina madhara. Mapaja yakitanuliwa kupita kiasi, damu inayolisha kichwa cha paja hupungua. Mapaja yakikunjwa mno kuelekea tumboni, neva hubanwa na mtoto huacha kurusha teke kwa mguu huo. Mkiona hivyo tupigieni siku hiyohiyo, msingoje kliniki. Tukiifunga, huchora alama kwa kalamu ya wino usiofutika pale kila mkanda unapoishia, ili bibi au dada wa nyumbani asiikaze kwa kukisia. Fulana huvaliwa chini ya mikanda, nepi hubadilishwa bila kuivua, na mtoto huinuliwa kwa kiganja chini ya matako, si kwa vifundo vya miguu.

Wengi huuliza kuhusu mbeleko. Kumbeba mtoto magoti yakiwa yamekunjwa na mapaja yametanuka ni mkao mwema kwa nyonga. Kinachoumiza ni kumviringisha khanga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja. Lakini mbeleko haichukui nafasi ya mikanda iliyoagizwa na daktari.

Kukagua mikanda mliyonunua kwingine hatutozi, mradi mje na picha na barua ya daktari.