Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunamshukuru Mungu, tunakushukuru na wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja huku kwetu, barabara yenyewe umeiona.

Klabu ilianza na wanafunzi wachache wa fizikia, leo ina wanachama kila kidato, na tunasema kifua mbele kuwa sisi ndo kiwanda cha mota cha kata hii maana kila mwanachama wa kidato cha nne ameshaunda yake kwa mkono na ikazunguka. Ziko mezani hapo. Betri ya tochi, pini mbili, sumaku ya spika mbovu na koili ya waya wa shaba, basi. Siri iko kwenye vanishi ya waya, ile rangi inayozuia umeme usipite, ncha moja unaikwangua yote kwa wembe, nyingine upande mmoja tu ili umeme ukatike kila nusu mzunguko, ukikwangua zote mbili koili inayumba kama bembea halafu inasimama. Mwanafunzi akishaona hivyo humkaririshi tena sumaku-umeme, anakueleza mwenyewe kwa nini feni inazunguka na treni ya SGR inafikaje Dodoma bila dizeli.

Sasa mheshimiwa tuje kwenye lenyewe. Vifaa hatuna. Waya tunaomba kwa fundi wa kuwaindi mota, anatupa mabaki yaliyoungua vanishi, ukikunja koili inapiga shoti. Spika mbovu za mtaani tumezimaliza. Betri nazo hazikai, koili inakula moto mwingi, kwa hiyo darasa zima linazunguka meza moja na walio nyuma wanaona migongo ya wenzao. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alizungusha waya kwa umeme na sumaku mwaka 1821, sisi miaka 200 na zaidi baadaye tunachorewa ubaoni! Jengo la maabara lipo, wazazi walichanga, ndani hamna ammeta ya kupimia mkondo wa umeme hata moja.

Kwa heshima zote, ombi hili sio geni. Mgeni rasmi aliyepita alisimama hapo hapo akaahidi seti nzima ndani ya miezi mitatu, tukapiga makofi, tukamvisha skafu, barua ya kukumbushia ikajibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Aliyemtangulia hivyo hivyo. Waliokuwa kidato cha nne wakati huo wameshafanya mtihani na kuondoka. Hatusemi kukukwaza mheshimiwa, tunasema kwa sababu wewe tunakuamini.

Tunaomba waya wa kuwaindia kilo 2, sumaku 40, ammeta 10, voltimita 10 na pawasaplai 5 za volti ndogo. Vyote vikiwa vizito, tuanzie waya na sumaku, hata kesho kazi inaanza. Na tunakuomba sana kabla hujakaa ututajie tarehe na jina la mtu wa kumfuata, katibu wetu ana daftari mkononi.

Tunaomba kuwasilisha.