Maandishi ya runinga yasomeke sebuleni

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watazamaji wanaokodolea macho maandishi ya runinga kila jioni na kuambulia nusu yake. Mimi ni mhariri wa video, na maandishi hayo ndiyo kazi yangu.

Hivi karibuni kituo kimoja kilirusha tangazo la chanjo. Muuguzi aliyekuwa akizungumza alivaa sare nyeupe, na namba ya simu ikapitishwa kifuani pake kwa herufi nyeupe, nyembamba. Tarakimu za katikati zilimezwa na sare. Aliyeiandaa pengine aliiona vizuri, maana kompyuta yake iko karibu na uso wake. Mama mwenye mtoto wa kuchanjwa amekaa kwenye kochi, mita tatu kutoka kwenye skrini. Angepiga namba gani?

Ukanda wa rangi iliyokolea nyuma ya maandishi ungetosha. Mwongozo wa WCAG, uliotungwa kwa ajili ya tovuti, unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kwa runinga nacho ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Kuna na suala la kingo. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, wengi walinunua king'amuzi wakakiunganisha na runinga ileile ya chogo. Runinga hizo hukata pembeni mwa picha, na jina la mzungumzaji lililobanwa ukingoni huondoka na herufi zake za mwanzo. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, unaelekeza kuacha asilimia 5 kila upande. Kwa ajili ya chogo mimi huacha 10.

Muda nao tusikopeshane. Manukuu ya BBC, yaani maandishi ya yale yanayosemwa, hupimwa kwa maneno 160 hadi 180 kwa dakika, lakini hicho ni kipimo cha Kiingereza. Maneno yetu ni marefu zaidi. Maandishi yakae mpaka mtu ayasome kwa sauti mara mbili bila kukimbizana. Kiziwi hana sauti ya mtangazaji ya kumfidia alichokosa.

Nawaomba wakuu wa vituo waweke runinga moja ya chogo katika chumba cha uhariri, na kila tangazo lenye namba ya simu lisomwe hapo, kutoka mita tatu, na mtu ambaye hakuliandika.

Mhariri wa video,
Morogoro