Kwa walimu vijana wa kemia, Arusha na Moshi: kijiti cha haidrojeni si kijiti cha oksijeni

Wanangu, salaam.

Haidrojeni na oksijeni hazina rangi wala harufu, na litimasi, karatasi ya kupima asidi na besi, haibadiliki kwa yoyote kati yake. Kinachozitenganisha ni kijiti, nanyi mnatumia kimoja kwa zote mbili. Kwa haidrojeni kijiti kiwe kinawaka. Kwa oksijeni kizimwe, kibaki na kaa jekundu tu, nacho kitashika moto upya. Mkiingiza chenye mwali kwenye oksijeni kitawaka kwa nguvu zaidi, basi, na darasa halitajua limeona nini.

Haidrojeni ndiyo inayoumiza watu. Kwa gramu 1 ya zinki tumieni mililita 20 za asidi ya hidrokloriki ya mola 2 (moli 2 kwa kila lita). Ikisuasua, ongezeni matone machache ya myeyusho wa kopa salfeti. Msitumie asidi ya nitriki, maana itawapa oksidi za nitrojeni. Mapovu ya kwanza ni hewa iliyokuwamo chupani, yaacheni yapite. Kisha kusanyeni juu ya maji kwenye testityubu ndogo, mziinue midomo ikitazama chini, kwa kuwa gesi hii ni nyepesi kuliko hewa karibu mara 14. Ya oksijeni isimame mdomo juu.

Mlio wa "pop" unatokana na haidrojeni iliyochanganyika na hewa. Ikiwa safi huwaka kimya mdomoni mwa testityubu, kwa mwali hafifu unaopotea kwenye mwanga wa dirisha. Mwanafunzi asiposikia kitu huandika "hakuna haidrojeni", na mwalimu anampa tiki! Mlio mkali ni ishara kwamba hewa bado ipo. Mchanganyiko wenye haidrojeni kuanzia asilimia 4 hadi 75 hulipuka, kwa hiyo moto usisogezwe kamwe kwenye chupa inayotengeneza gesi wala kwenye mrija wake. Pelekeni testityubu kwenye moto, mbali na chupa.

Oksijeni ni rahisi. Mililita 50 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, hutoa karibu nusu lita. Manganizi dioksaidi, inayoharakisha gesi kutoka, ikikosekana, hamira au kipande cha ini bichi kinatosha. Unga mweusi wa betri kuukuu una manganizi dioksaidi, lakini una kaboni pia ndani yake. Msiuchome pamoja na potasiamu kloreti hata siku moja, utalipuka.

Wale wanaopima ujazo wasishangae. Vitabu husema moli moja ya gesi (kipimo cha idadi ya chembe zake) ni lita 24, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Arusha, kwenye mita kama 1,400, kanieneo ya hewa ni ndogo na moli hiyo hiyo huchukua karibu lita 28. Moshi ni chini kidogo, kwa hiyo tofauti nayo hupungua.

Mkipasua maji kwa umeme, msitie chumvi, maana upande chanya utatoa klorini. Magadi ya Ziwa Natron nayo yana chumvi ndani. Tumieni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Haidrojeni itajaa upande hasi, mara mbili ya oksijeni. Oksijeni ikipungua kidogo mwanzoni, sehemu yake imeyeyuka majini. Ikipungua sana, tazameni kama upande chanya hamkuweka msumari, kwani chuma huliwa badala ya kutoa gesi.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Moshi