Barua kwa mpwa wangu anayefungua duka la kahawa Kyoto

Mpwa wangu,

Hujambo, na pole kwa pilikapilika. Michoro yako ya duka nimeiona: mianzi, taa za karatasi, mikeka ya tatami, mbao zilizochomwa, vyote ndani ya chumba cha mita 3 kwa 6. Punguza. Nyumba za machiya, zile za mbao za zamani za mjini, ni nyembamba na ndefu, wenyewe huziita malalo ya mkunga, yule samaki kama nyoka. Hazibebi mapambo mengi.

Anza na ukuta. Shikkui, plasta ya Kijapani, ni chokaa iliyozimwa, gundi ya mwani na nyuzi za katani. Mwani huzuia maji yasikauke mapema, nyuzi huzuia nyufa. Tabaka la mwisho ni kama milimita 2 tu, basi kosa lolote la chini litaonekana. Maungio ya bodi za jasi yabandikwe utepe wa wavu, na plaiwudi ipakwe praima, la sivyo utomvu utapenya na kuacha madoa ya rangi ya chai. Funika nguzo, maana chokaa huzitia weusi, na fundi avae miwani. Ukuta mmoja umalizwe kwa mkupuo mmoja; mwiko ukisimama katikati, mstari wa kiungo haufutiki. Tena usiwashe hita kuharakisha. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole. Ikikaushwa kwa nguvu hupasuka na kutoa unga.

Tatami iwe juu ya jukwaa la sentimita 40 hivi, mteja akae ukingoni avue viatu. Mkeka wa Kyoto ni sentimita 191 kwa 95.5, wa Tokyo ni 176 kwa 88, kwa hiyo taja aina unapoagiza. Ya Kyoto mitatu, ubavu kwa ubavu, huchukua sentimita 286.5, karibu upana wako wote. Fundi wa tatami aje apime mwenyewe, nyumba za zamani hazina pembe mraba. Ukija kuongeza mkeka wa nne, pembe nne zisikutane pamoja: huo ni mpangilio wa msiba. Na usitandike zulia juu yake. Mvua za Juni zikianza, mkeka utaota kuvu.

Karatasi ya shoji, ile milango ya fito na karatasi, hubandikwa kuanzia chini kwenda juu, ya juu ikilalia ya chini kama vigae vya paa, vumbi lisipate pa kukaa. Gundi iwe ya wanga, nyepesi, ili siku ya kubadilisha ilainike kwa maji bila kuumiza fito. Ukiona makunyanzi usivute. Gundi ikishakauka, nyunyiza maji kama umande. Karatasi ikikauka itajikaza yenyewe.

Mbao zilizochomwa zibaki nje. Ndani, masizi yatahamia kwenye nguo za wateja.

Mwisho, noren, lile pazia la mlangoni lenye mpasuko. Litundike ukifungua, litoe ukifunga. Hapo Kyoto ndilo linalosema duka liko wazi. Kahawa yetu ya Tanzania wanaijua kwa jina la Kilimanjaro. Ukiliandika pazia jina hilo, herufi zisiangukie kwenye mpasuko.