Ukishindwa kuitikia shikamoo, punguza mwendo

Kila mwaka, Januari ikifika katikati, duka letu hapa Moshi mjini hupata wageni wa aina moja. Mtu anaingia na nguo zake za kazini, anatazama raba zilizopangwa ukutani, anaulizia zile nyepesi kuliko zote. Ukimuuliza za nini, anasema amejiandikisha Kilimanjaro Marathon. Kilomita ngapi? Ishirini na moja. Umeshawahi kukimbia? "Shuleni, mchakamchaka."

Raba tunamuuzia, ila siku hizi hatuzifungi kwenye mfuko kabla hatujazungumza naye. Wengi wa wateja hao tulikuwa tunawaona tena baada ya wiki tatu, wanachechemea, wanataka kubadilishiwa raba kwa sababu zimewaumiza. Tukizikagua hazina kosa. Kilichowaumiza ni mbio zenyewe: walizianza kwa kasi ambayo miguu yao haikuwa tayari kuibeba. Ndiyo maana tumeamua kuyaandika hapa maneno tunayowaambia pale kaunta, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanza kukimbia na hajawahi, awe na miaka 20 au 60.

Mwendo wa salamu

Anayeanza hukimbia jinsi anavyokumbuka kukimbia utotoni, mbio za kuwahi kengele. Dakika mbili tu, kifua kinawaka, kichomi kimemshika ubavuni, anasimama ameinamia magoti. Anarudi nyumbani akiamini kwamba mbio zina watu wake na yeye si mmoja wao. Inatuuma kila tunapoyasikia maneno hayo, maana mtu huyo hajakimbia bado. Amejaribu kufukuza basi tu.

Kipimo tunachompa hakihitaji saa wala simu. Hapa kwetu huwezi kutoka alfajiri usikutane na watu: mama wa maziwa, mlinzi anayemaliza zamu, watoto wanaowahi shule. Watoto watakupa shikamoo. Itikia, na uitikie yote: "Marahaba, hamjambo? Mmeamkaje? Someni vizuri." Ukiyamaliza maneno hayo bila kukatika pumzi, huku miguu inaendelea, uko kwenye mwendo unaotakiwa. Sauti ikikwama kwenye "mara...", umezidisha, punguza. Umepunguza na bado unahema? Tembea mpaka pumzi irudi, kisha anza tena.

Sisi tunauita mwendo wa salamu, na ni wa taratibu kuliko wengi wanavyotarajia. Wiki za kwanza anayetembea kwa haraka anaweza kwenda sambamba nawe, na hapo ndipo aibu inapoingia. Mteja wetu mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, aliambiwa na daktari aanze mazoezi kwa ajili ya presha. Alikaa miezi miwili bila kuanza. "Mwanangu," aliniambia, "mtu mzima kama mimi akionekana anakimbia, majirani si watatoka nje kuuliza kuna msiba wapi?" Nikamwambia, "Basi mama, ukiwafikia wasalimie kabla hawajauliza." Alianza hivyo, kanga imefungwa kiunoni juu ya trakisuti, akitembea zaidi ya anavyokimbia, na kila geti alilopita alitoa salamu yake. Mtu anayekusalimia kwa utulivu haogopeshi. Kabla mwezi wa pili haujaisha, majirani wawili walikuwa wanamsubiri barabarani wamevaa raba.

Hili la kwenda taratibu wengi wanalichukulia kama huruma kwa wanyonge. Si hivyo. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, ndani ya wiki chache tu unaona tofauti. Mifupa na kano, zile kamba zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari, kuanzia wiki ya tatu au ya nne hivi, pumzi inakwambia twende na muundi haujawa tayari. Kila unapotua ukiwa unakimbia, mguu mmoja unapokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 140 hadi 210, na ndani ya nusu saa anatua mara elfu kadhaa.

Nalisema hili kwa kuwa limenipata. Mwaka nilioanza nilikimbia siku kumi mfululizo, nikiona raha jinsi pumzi ilivyokuwa inaongezeka. Siku ya kumi na moja nilishuka kitandani nikashindwa kukanyaga. Maumivu yalikuwa mbele ya mguu, kwenye muundi, mahali ambapo ukigusa kwa kidole unaruka. Nilikaa wiki sita bila kukimbia, na niliporudi nilianzia chini kabisa, dakika moja moja.

Na hivyo ndivyo tunavyowaanzisha wateja: dakika moja ya kukimbia, dakika mbili za kutembea. Unatoka nyumbani kwa kutembea dakika tano ili mwili upate joto, unarudia hiyo moja kwa mbili mara nane, unamalizia kwa kutembea dakika tano. Siku tatu kwa wiki, na katikati siku ya kupumzika. Wiki inayofuata, kama miguu haina neno, kimbia dakika moja na nusu. Kisha mbili kwa mbili, kisha tatu kwa mbili. Wiki ikikushinda, irudie, hakuna anayekuhesabia. Baada ya miezi miwili na nusu hivi utajikuta unakwenda dakika 25 au 30 bila kusimama, na huo ndio mwanzo wa kilomita 5.

Septemba 2025, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, tulipata wateja wengi ambao hawajawahi kukimbia. Na nani asingetamani? Kilomita 42 na ushee, halafu yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wanaandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Lakini zile hatua za mwisho zilizorudiwa kwenye kila simu ndizo watu walizotoka kwenda kuziiga asubuhi yake, wakati kabla yake kulikuwa na saa mbili nzima za mtu anayejitunza katikati ya kundi. Hizo saa mbili ndizo za kuiga.

Anza kwa kupanda

Mji wetu umelala mgongoni mwa mlima. Ukitoka katikati ya mji kuelekea kaskazini, mtaa wa Shantytown na zaidi, unapanda. Ukielekea kusini, upande wa Pasua na njia ya kiwanda cha sukari cha TPC, unashuka, hata kama macho hayaoni. Kosa tunaloliona mara nyingi ni la mtu anayeanzia kusini: anateremka akijiona ana nguvu za ajabu, kisha nusu ya pili, amechoka na jua limetoka, anakuta kilima kinamsubiri. Sisi tunasema panda kwanza ukiwa mzima, urudi kwa kuteremka. Ila kwenye kuteremka usijiachie, fupisha hatua, kwa sababu mteremko ndio unaogonga magoti na muundi kuliko mlima.

Shantytown inatufaa kwa miti yake na magari machache. Januari na Februari jua la hapa halina mzaha, kwa hiyo toka mapema, saa 12 na robo au na nusu asubuhi, kukiwa kumeanza kupambazuka. Gizani usikimbie peke yako, mbwa wengine hufunguliwa usiku na bodaboda nyingine hazina taa.

Kwa ndugu zetu wanaopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, na kwa wateja wetu wa Arusha waliohamia juzi kutoka pwani: msishangae pumzi ikiwa fupi. Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na pale kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kama asilimia 15 kuliko ufukweni. Moshi ni nafuu kidogo, ila ukikimbia juu mlimani, Machame au Marangu, utaiona tofauti. Mwendo wa salamu unalirekebisha hilo wenyewe, kwa kuwa unasikiliza pumzi yako na si kasi uliyoizoea.

Sasa raba

Raba zetu nyingi ni za mtumba. Raba nzuri ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya kukimbia inaishinda raba mpya ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya kupendeza. Lakini mtumba unataka macho, na tungependa ujue kukagua hata kama utanunulia soko la Memorial au la Kiboriloni na si kwetu.

Kwanza igeuze. Soli kuliwa kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida, wengi wetu tunatua hapo. Ikiwa imeliwa mpaka sponji imeonekana, irudishe. Kisha iweke juu ya meza iliyonyooka, uitazame kwa nyuma. Kama imeinamia ndani au nje, imeshashika mwendo wa aliyeivaa mwanzo na itakulazimisha utembee kama yeye.

Halafu sponji, ile sehemu nene kati ya soli na kitambaa. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, maana raba inaweza kung'aa na sponji ikawa imekufa. Bonyeza kwa kidole gumba ubavuni. Inatakiwa iingie kidogo na irudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo isiyoondoka, hiyo haitapokea mzigo wowote, zile kilo zote zitapanda kwenye muundi wako. Sponji huzeeka hata ikikaa bila kuvaliwa. Raba inayoonekana mpya kabisa lakini imelala ghalani miaka mingi huachia gundi, na wateja wameshaniletea soli mkononi baada ya mvua moja ya masika.

Ikunje. Inatakiwa ikunjike pale vidole vya mguu vinapokunjika. Inayokunjika katikati kama karatasi haina mhimili. Ingiza mkono ndani, nyuma ya kisigino: kitambaa kikiwa kimechanika, utapata malengelenge siku ya kwanza. Na ukiona soli nyeupe mno kwenye raba yenye kitambaa kilichochakaa, imepakwa rangi. Kwangu mimi kumficha mteja hali ya raba ni kumfanya aumie kwa pesa yake mwenyewe, ndiyo maana zetu tunaziosha na hatuzipaki chochote.

Namba iliyoandikwa ndani isikutawale, kampuni moja 42 yake ni 43 ya nyingine. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na soksi utakazokimbilia. Ukisimama, kati ya kidole kirefu na ncha ya raba papite upana wa kidole gumba. Kisha toka nje ukimbie hadi kwenye kona na kurudi, hatumwoni vibaya mtu anayejaribu raba tano.

Raba mpya ya kukimbilia kwa kawaida huhimili kati ya kilomita 500 na 800. Ya mtumba ihesabie nusu, na hiyo bado ni miezi mingi kwa mtu wa kilomita 10 kwa wiki. Na kama mwezi huu pesa haipo, wiki mbili za mwanzo zianze na raba yoyote ya kamba uliyonayo nyumbani. Utakuwa unatembea zaidi ya kukimbia, haitakudhuru.

Maumivu ya kuheshimu

Misuli ya mapaja na vigimbi kukaza miguu yote miwili kwa siku moja au mbili ni kazi inayoendelea mwilini, tembea tu. Maumivu ya sehemu moja, mguu mmoja, juu ya mfupa, yanayozidi kadiri unavyokimbia, ni ya kusimama hapo hapo na kurudi kwa bodaboda. Kifua kubana, kizunguzungu au moyo kwenda ovyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au aliyejifungua karibuni azungumze na daktari kabla ya dakika ile ya kwanza.

Kuhusu zile kilomita 21 za mwishoni mwa Februari: kama unaanza Januari, tunakuomba uzihamishie mwaka unaofuata. Njia yake inapanda upande wa Mweka, na kilima kile hakimwonei huruma mtu wa wiki sita. Kilomita 5 zipo, na wiki sita za mwendo wa salamu zinakutosha kuzimaliza kwa kukimbia na kutembea.

Kila Jumamosi saa 12 na robo asubuhi tunatoka mbele ya duka na wanaoanza, tunapanda Shantytown na kurudi. Hakuna ada wala sharti la kununua kitu. Anayekwenda taratibu kuliko wote ndiye anayepanga mwendo wa kundi, na mmoja wetu hukaa naye nyuma mpaka mwisho. Ukija kununua raba, njoo na ile ya zamani hata kama imeisha kabisa. Soli yake inatuonyesha mguu wako unatua wapi, na tutajua tukutolee ipi.